Mwalimu Aliyegeuza Majani

Mwalimu hakuwa mtu wa kusalimiwa ukaenda zako. Ukimwambia habari ya asubuhi, alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya betri zilizochoka, halafu akaanza yeye. Mvua ya jana ilifika kwako? Yule ng'ombe wako amezaa? Unafikiri ni kwa nini amechelewa? Waliokuwa na haraka ya soko la Malaba walijua kupita nyuma ya kanisa ili wasikutane naye. Mimi sikupita huko. Nilikuwa mjane, watoto wangu walikuwa wakubwa, na nilipenda kuulizwa. Mwanamke wa umri wangu huku kwetu huambiwa tu.

Jina lake ninalo, na majina ya watoto wake, na ya karibu kila mtoto aliyekaa darasani kwake. Majina hayanipotei. Lakini yeye nitamwita Mwalimu, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomwita sote, hata mkewe Akisa, hata akiwa amemkasirikia.

Alikuwa Mteso wa upande wa Malaba, mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua la Januari likiwaka. Alifundisha sayansi katika shule yetu ya msingi, kati ya Busia na Malaba, kwa miaka mingi kuliko mwalimu mwingine yeyote ninayemkumbuka. Hakuwa mpole. Hakusifu mtoto. Mtoto akipata, alimwambia, "Endelea," basi, hilo ndilo lilikuwa tuzo. Wanangu wawili walipita mikononi mwake na mpaka leo wanabishana nani aliambiwa endelea mara nyingi zaidi.

Zile tableti za serikali, ambazo vitabuni wanaziita vishikwambi, zilipoletwa shuleni kwetu tulipiga vigelegele. Kisha Mwalimu Mkuu Okumu akazifungia stoo, nyuma ya mlango wa chuma, kwa kuogopa wezi. Zilitolewa wageni wakija. Watoto wadogo waliziimbia wimbo wa alfabeti, mgeni akapiga makofi, zikarudi ndani. Simlaumu Okumu. Ingeibiwa moja angelipa yeye.

Mwalimu ndiye aliyezitoa. Alimfuata Okumu wiki baada ya wiki, na kila mara hakumwomba, alimuuliza. Je, kitu kilichofungiwa kinaweza kufundisha? Je, tunaogopa mwizi, au tunaogopa mtoto? Okumu mwenyewe aliniambia alitoa ufunguo ili apate kunywa chai yake kwa amani.

Sasa watu wakafikiri Mwalimu ni mpenzi wa mashine. Hapana. Simu yake mwenyewe ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na ikilia aliiangalia kama mtu aliyeitwa jina la matusi. Radi ikipiga aliizima na kuiweka chini ya godoro. Alichopenda ni kile ambacho tableti iliweza kumfanyia mtoto akiwa tayari ana swali lake. Kama hana, alisema, ni kioo tu, mtoto atajiangalia humo mpaka betri iishe.

Kijana mmoja, Wandera, mtoto wa Taaka wa kule kijitoni, aliulizwa kwa nini chungu cha maji hutoa jasho kwa nje. Akaandika swali kwenye tableti, jibu likaja, akasimama akalisoma lote kwa Kiingereza kizuri. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akangoja makofi yaishe.

"Hiyo ni ya aliyeiandika," akasema. "Yako iko wapi?"

Neno hilo likawa la kijiji. Mtu akileta umbea sokoni, utasikia mwingine anamuuliza, yako iko wapi? Mwalimu aliwataka kwanza waseme wanachofikiri, hata kama ni upuuzi, wakiandike ubaoni. Kisha watoke nje wakaangalie. Wapige picha, warudi, waikuze ile picha mpaka waone kile ambacho jicho halikuona. Mwisho kabisa ndipo aliwaruhusu kutafuta watu wengine duniani wameona nini, na walinganishe. Wazazi tulinung'unika kwamba ni njia ndefu. Mtihani hauulizi njia, tulisema. Yeye alijibu kwamba shamba linauliza.

Na kuangalia kwake kulikuwa na amri moja: geuza. Jani likunjue uone upande wa chini. Jiwe ligeuze. Yai ulishike mbele ya mwanga. Niliwaona watoto wa darasa lake wakirudi nyumbani, wakigeuza kila jani la ua wa watu kama polisi wa forodha wanaokagua mizigo.

Lakini kulikuwa na sehemu moja ya maisha yake ambayo Mwalimu hakuigeuza kamwe, na ndiyo iliyokuja kumtesa. Ni mama mkwe wake.

Kwetu sisi Wakhayo, na kwa Wateso pia, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja. Mwalimu, aliyewauliza mapadri na maafisa maswali mpaka wakatoa jasho, siku moja nilimkuta amesimama nyuma ya poshomili, kile kinu cha unga, amejibana ukutani na baiskeli yake. Nilipouliza ni nini, akanionyesha kwa kidevu. Mama mkwe alikuwa anapita barabarani na kikapu, amevuka mpaka kumtembelea bintiye. Nikamwambia, Mwalimu, mbona hujamuuliza hali ya mvua? Hakucheka. Alisubiri mpaka yule mama akapotea kabisa.

Huyo mama aliishi ng'ambo, upande wa Uganda, na alikuwa mkulima hodari. Msimu mmoja alimpa Akisa mafungu ya vijiti vya mihogo apande, mbegu tamu, inayoiva upesi. Zawadi ya mama mkwe haichunguzwi. Huifungui mbele yake, huulizi imetoka wapi, huendi shambani kwake kuangalia mashina. Unapanda, na unawagawia majirani ili jina lake lisifiwe. Mwalimu akafanya yote hayo. Akapanda, ikamea vizuri, na msimu uliofuata akatugawia. Mimi nilipata fungu zima. Taaka alipata. Ekasiba, mwenyekiti wa wazazi, alipata mawili. Tulimsifu mama ambaye wengi wetu hatukumjua.

Kisha tukachimba. Kwa juu muhogo ulikuwa mnene, mzuri wa kupiga picha. Ukiukata, ndani kahawia, mgumu kama kizibo cha chupa, mahali pengine umeoza. Nyumba zetu zinakula ugali wa mihogo na wimbi, na mwaka huo watu walisaga mahindi ya kununua. Majani yalikuwa yametuonya, yalikuwa na madoa ya njano, lakini ni yale ya chini, na sisi tulidhani ni uzee wa jani. Wengine walisema ni moshi wa malori, kwa maana malori yanayongoja kuvuka Malaba hupanga foleni mpaka huku kwetu na injini zinanguruma. Wengine wakasema ni mkono wa mtu, yaani uchawi, na wakaanza kutajiana nani.

Mjukuu wangu Nabwire, niliyekuwa nikiishi naye, alibeba muhogo mmoja uliooza akaupeleka darasani. Mwalimu akauliza, kama kawaida, mnafikiri ni nini? Wakaandika ubaoni: moshi, mvua nyingi, wadudu, mkono wa mtu. Watoto wengine walitaka lile la mwisho lifutwe. Mwalimu akakataa. Akasema litakaa pale mpaka litolewe na walichokiona wao.

Basi wakatoka. Mchana baada ya mchana waliingia mashambani kwetu na zile tableti. Walipiga picha jani juu, jani chini, shina, na muhogo uliokatwa, kila mara na kifuniko cha soda pembeni ili ukubwa uonekane. Walimuuliza kila mwenye shamba maswali yale yale na kurekodi sauti yake. Ulipanda lini? Mbegu ulitoa wapi? Nilipojisikia kwenye ile mashine nilishtuka, nilikuwa naongea kama marehemu mama yangu.

Nabwire alinionyesha jani langu mwenyewe limekuzwa mpaka likawa kama mkeka. Chini yake kulikuwa na inzi weupe wadogo, wengi, wamekaa kama unga uliomwagika. Akasema, "Kukhu, usiseme ni hawa bado. Wako pia kwa Mzee Makokha, na mihogo yake ni mizima."

Watoto walikuwa na picha ya kijiji chetu iliyopigwa kutoka juu, na juu yake waliweka alama nyekundu kila penye ugonjwa. Shamba la Makokha liko kando kabisa ya lami, malori yanasimama mlangoni pake, na halikuwa na alama. La Taaka liko mbali kijitoni, na lilikuwa jekundu. Hapo moshi ukafutwa ubaoni. Mvua ikafutwa, kwani ilinyesha kwa wote. Wadudu na mkono wa mtu vikabaki. Wakakaa wakiitazama ile ramani, hawaelewi, mpaka mmoja akasema wasikilize tena zile sauti, za mashamba mekundu peke yake.

Nabwire alinieleza jioni hiyo huku ugali wake ukipoa. Tableti ilikuwa juu ya meza ya Mwalimu. Swali linasikika, mbegu ulitoa wapi, na Taaka anajibu: kwa Mwalimu. Kisha Ekasiba: kwa Mwalimu, Mungu ambariki. Kisha mimi: kwa Mwalimu. Sauti baada ya sauti. Watoto waliacha kutazama mashine, wakatazama sakafu.

Ni Nabwire aliyeinua mkono. "Na wewe, Mwalimu? Ulitoa wapi?"

Alisema Mwalimu aliizima tableti. Kisha akamwambia kwamba hilo ni swali ambalo lazima aulizwe kama walivyoulizwa wengine, shambani kwake, na kurekodiwa. Waje kesho.

Kesho yake asubuhi, kabla watoto hawajatoka shule, Akisa alikuja jikoni kwangu. Sisi tulikuwa tunaanika mihogo pamoja tangu alipoolewa. Alikaa chini, hakuegemea ukuta. Alikuwa ameshaelewa kitakachotokea. Mumewe akitaja ng'ambo, jina la mama yake litavuka mpaka siku hiyo hiyo kwenye vikapu vya wanawake wa soko: mama aliyelisha watu uozo, na mkwe wake ndiye aliyemshtaki mbele ya watoto.

"Mama, wewe anakusikiliza," akaniambia. "Mwambie aseme alinunua sokoni. Soko si mama ya mtu."

"Na asipokubali?"

"Basi mimi nitarudi kwa mama. Siwezi kukaa katika nyumba iliyomvua nguo."

Nikaenda. Nilimkuta Mwalimu amesimama katikati ya mihogo yake, anageuza majani, la kwanza, la pili, la tatu, kama mtu anayehesabu hasara ya moto. Nikamweleza yote. Nikamwambia ukweli ninavyouona, kwamba mihogo tutapanda tena, mke hapandwi.

"Nikisema sokoni," akajibu, "watoto wataenda kutafuta sokoni. Watatafuta mpaka lini, Mama? Na mwakani watu wataenda ng'ambo kuchukua mbegu ile ile."

"Na Akisa?"

Akageuza jani jingine, na hakuniuliza kitu. Tangu nimjue ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Watoto walikuja mchana. Wandera alishika tableti, Nabwire akauliza. Nilikuwa nje ya ua, na nilisikia.

"Nilipewa na mama mkwe wangu," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, si ya kulia. "Alinipa kwa moyo mwema. Yeye hakujua. Mimi ndiye niliyejua kuangalia, na sikuangalia. Niliona haya. Andikeni hivyo."

Wazazi waliitwa shuleni kusikiliza walichogundua watoto, na sauti hiyo ilichezwa mbele yetu sote. Kisha Ekasiba akasimama, na alikuwa amekasirika kweli, mafungu mawili si mchezo. Akataka tableti zirudishwe stoo. Leo wanauliza mihogo ilitoka wapi, akasema, kesho watauliza baba zao ni nani, na hapa kuna watu watahama. Watu wakacheka, lakini wengi walitikisa kichwa kukubali. Okumu alikuwa ameshashika ufunguo mkononi.

Mwalimu hakujitetea. Aliwaomba watoto waeleze waliyosoma baada ya kuona wenyewe: kwamba wakulima wa mbali walipata ugonjwa huu huu, unasafiri ndani ya vijiti, kisha inzi wanausogeza shamba kwa shamba. Kwamba hata Makokha hakuwa salama tukiacha mashina yetu yasimame. Wakaonyesha jinsi ya kung'oa na kuchoma. Wakasema wamempigia simu afisa wa kilimo kuulizia vijiti safi, na watavipanda kwanza shuleni wavitazame msimu mzima kabla ya kumpa mtu yeyote. Na ule mkono wa mtu ukafutwa ubaoni, ingawa Nabwire alinong'ona kwangu kwamba kwa kweli ulikuwa mkono wa mtu, ila haukuwa na ubaya.

Taaka ndiye aliyemaliza mkutano. Aliuliza tu, kama watoto wasingeuliza, sasa hivi tungekuwa tunamchoma nani? Okumu akarudisha ufunguo mfukoni. Tableti hazikufungiwa tena.

Tuliiteketeza mihogo yote. Na Akisa aliondoka, kama alivyosema, na mtoto wao mdogo mgongoni. Mwalimu aliendelea kufundisha. Alijipikia. Nilimpelekea mboga, akapokea, akaniuliza zimeoshwa na maji ya kisima gani, lakini macho yake hayakuwa kwenye swali. Mvua ndefu zikaja zikapita. Akisa alirudi wakati wa palizi, bila kusindikizwa na mtu, akaingia jikoni kwake akaanza kufagia. Katika nyumba ile muhogo haukupikwa tena. Mama yake hakuvuka tena mpaka kuja huku.

Nilidhani ndiyo imeisha hivyo. Mwalimu akastaafu, wakahamia kwenye shamba lake karibu na Malaba, na miaka ikapita tukisalimiana kwenye mazishi tu.

Mwaka huu nilikuwa Malaba, mahali wanapopanga foleni wanaovuka kwa miguu. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu Nekesa. Nikaona shati limefungwa mpaka kooni, na koti jeusi juu yake. Amezeeka, mkongojo mkononi. Nilimsalimu, na hakuniuliza lolote kuhusu mvua. Akaniambia mama mkwe amefariki, Akisa ametangulia na watoto, na ng'ombe wa mazishi ameshapelekwa. Nikampa pole. Akauliza habari za Nabwire, kama bado anauliza maswali. Nikamwambia anauliza mpaka mumewe anaomba likizo. Akasema, "Aendelee."

Halafu akatoa simu. Alifungua picha, akanipa nitazame. Ilikuwa jani la muhogo limegeuzwa, upande wa chini juu, limeshikwa na kidole gumba cha mtu mzee, ukucha umepasuka kwa jembe.

Aliniambia ilianza bila neno. Picha moja iliingia kutoka simu ya kijana wa ng'ambo, na yeye alidhani imekosea njia. Ikaja nyingine, kidole kile kile. Akamwonyesha Akisa, na Akisa akakijua kidole cha mama yake, akakaa chini. Ndipo akaelewa anaulizwa. Akaikuza ile picha, akachora duara palipo na doa, akairudisha. Baada ya muda ikaja picha ya shimo na moto. Msimu baada ya msimu wakaenda hivyo. Hawakuwahi kutazamana, hakuna aliyewahi kusikia sauti ya mwenzake, lakini walitazama jani moja, yeye huku, mama kule. Aliniambia hajawahi kuwa na mwanafunzi mwangalifu kama yule.

"Hii ya mwisho ilikuwa na giza," akasema. "Nikamwandikia, naomba nyingine, penye mwanga. Kumbe alikuwa ameshalazwa."

Nikaitazama tena. Kweli, ilikuwa nyeusi, huwezi kujua doa ni doa au kivuli.

"Aliniuliza, Mama, na mimi nikamwambia asubiri."

Nikamrudishia simu. Akasema Akisa ameahidi kwamba wakishazika atamtangulia mpaka shambani kwa mama yake, aliangalie shina lenyewe. Mkwe hajawahi kukanyaga pale. Wazee wa kule watasema, akasema, wacha waseme.

"Ukishaona," nikamuuliza, "utamwambia nani?"

"Yeye," akasema. "Ndiye aliyeuliza."

Foleni ikasogea. Akaiweka simu ndani ya koti, akashika mkongojo wake, akavuka.